Simu za intaneti ukiwa Ghuba kwa mkataba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoondoka Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao kwenda Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na kwingineko Ghuba kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, na wa wanaobaki nyumbani wakisubiri simu. Wengi huanza kuuliza wakiwa wameshafika, na kufikia hapo mambo mengine huwa hayarekebishiki kirahisi. Usome kabla ya safari, kisha mwachie nakala yule utakayekuwa ukimpigia.

## Mambo ya msingi

Simu ya intaneti ina tofauti gani na simu ya kawaida?

Simu ya kawaida hupita kwenye mitambo ya kampuni za simu na hutozwa kwa dakika. Simu ya intaneti hukata sauti yako vipande vidogo vidogo, ikavituma kama inavyotuma picha au ujumbe, na upande wa pili vikaunganishwa tena. Unacholipia ni bando tu, uwe unampigia jirani au unapiga Kigoma.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya programu kwa programu, kama WhatsApp, na hapo wote wawili mnahitaji simu janja na mtandao. Ya pili huanzia kwenye programu yako na kuishia kwenye laini ya kawaida ya mwenzako, hata kama ana simu ya kitochi. Hii hulipiwa kwa dakika, kwa salio unalonunua ndani ya programu. Skype ndiyo iliyokuwa maarufu kwa kazi hiyo, lakini ilifungwa Mei 2025. Anayekushauri leo ununue salio la Skype amepitwa na wakati.

Kwa nini niwe na njia zaidi ya moja? WhatsApp haitoshi?

Haitoshi, na kama utachukua neno moja tu kutoka hapa, chukua hilo. WhatsApp inaweza kuzuiliwa nchi unakokwenda, bando la nyumbani linaweza kuisha, mtandao wa nchi nzima unaweza kuzimwa, simu yako inaweza kuibiwa. Familia nyingi hukaa siku tatu nne bila usingizi kwa sababu tu njia ilikuwa moja na ikaziba.

Uwe na njia tatu: programu ya intaneti inayokubalika nchi ulipo, simu ya kawaida ya kimataifa yenye salio kidogo la akiba, na mtu wa tatu, ndugu au rafiki mliye naye nchi moja, ambaye nyumbani wana namba yake.

Simu hizi zinakula bando kiasi gani?

Za sauti hazili sana. Chukua kilobiti 40 kwa sekunde kwa kila upande: dakika 60 zitakula kama megabaiti 36. Video ndiyo inayomaliza bando, kwa sababu hula mara kumi ya hapo na zaidi. Mama akisema "bando limeisha jana tu nimeweka", mara nyingi ni ile video ya nusu saa ya kuwaona wajukuu. Piga video siku moja ya wiki, siku nyingine mzungumze kwa sauti.

Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, kuna sehemu ya kupunguza data kwenye simu. Iwashe kwenye simu ya nyumbani pia. Sauti hupungua uzito kidogo, lakini maneno yanasikika.

## Kabla hujapanda ndege

Laini yangu ya nyumbani niifanye nini?

Usiitupe wala usiigawe. Namba hiyo ndiyo iliyofungwa na benki yako, pesa za simu, barua pepe na WhatsApp. Isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga na baadaye humuuzia mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayeanza kupokea jumbe zako za uthibitisho. Nenda dukani kwao, siyo kwa wakala wa mtaani, uwaulize mambo matatu: laini hufungwa baada ya muda gani bila matumizi, huduma ya kutumia laini nje ya nchi inawashwaje, na kupokea ujumbe mfupi ukiwa huko kunatozwa au la.

Kisha beba simu yenye sehemu mbili za laini. Tecno, Infinix, itel na Samsung nyingi za bei ya kati zinazo. Laini ya nyumbani ikae humo kwa ajili ya kupokea jumbe, data yake izimwe kabisa, na ya nchi uliyofikia ifanye kazi ya kila siku. Data ya laini ya nyumbani ikibaki imewashwa ughaibuni, salio lote linaweza kuisha kabla hujafika kwenye mkanda wa mizigo.

Kwa walio Tanzania, piga *106# kabla ya kuondoka uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, iondoshe mapema, kwani ukiwa Muscat hakuna atakayekuchukua alama za vidole.

WhatsApp yangu ibaki na namba ya nyumbani, au nibadilishe?

Ibaki. WhatsApp haijali laini iliyomo kwenye simu, inajali namba uliyojisajili nayo. Unaweza kutumia data ya Omantel ya Oman au ya du ya Falme za Kiarabu, kampuni za simu za huko, huku kila mtu akikuona kwa +255 au +254 ile ile. Vikundi vya familia, chama na kanisa au msikiti vinabaki palepale.

Weka hatua mbili za uthibitisho, ile namba ya siri ya tarakimu sita, na barua pepe ya kuirejesha. Ujue pia kwamba akaunti isiyounganishwa kwenye mtandao kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Hilo linawahusu waliochukuliwa simu zao (tazama "Mwajiri amechukua simu yangu").

Na M-Pesa, Mixx au Airtel Money?

Pakua programu ya huduma hiyo na uingie ungali nyumbani, laini ikiwa ndani ya simu. Zile menyu za *150*00# na wenzake hutegemea mnara wa simu, hivyo zikiwa nje ya nchi huweza kugoma, lakini programu hupita kwenye intaneti. Usimwachie mtu laini pamoja na namba ya siri ili "akusaidie kutoa". Anayehitaji kupokea pesa kwa niaba yako apokee kwenye laini yake mwenyewe.

Wazazi wangu wana simu ya kitochi tu. Tutazungumzaje?

Una mawili. Ununue simu janja ya bei nafuu kabla ya kuondoka, au utafute mtu mmoja wa kuaminika pale nyumbani, mpwa au jirani, awe na simu na bando unalomwekea wewe. Hili la pili lina faida ambayo watu huisahau: mzee anayehangaika na kioo cha kugusa hukata simu bila kukusudia, akadhani umemkatia wewe.

Ukinunua simu, mfundishe mambo machache kwa mkono wake mwenyewe: kupokea, kukata, kuongeza sauti, na kujua data imewashwa au imezimwa. Weka picha yako kubwa kwenye jina lako. Fanyeni mazoezi, wewe ukiwa chumba kimoja na yeye chumba kingine, kwa wiki nzima kabla ya safari.

## Ukishafika

Nipate laini gani?

Yoyote iliyosajiliwa kwa jina lako. Mgeni husajili kwa pasipoti, na mkazi kwa kadi yake ya ukaaji, bataka kwa walio Oman, ikama kwa walio Saudia. Laini aliyokununulia kafili (mwajiri anayekudhamini) au ajenti kwa jina lake ni yake, na siku mkikosana ataifunga. Kampuni za huko huuza pia vifurushi vya dakika za kimataifa vinavyowalenga wafanyakazi wa kigeni. Uliza dukani kama Afrika Mashariki imo, kwa kuwa vingi vimepangwa kwa India, Pakistani, Bangladeshi na Ufilipino, na mtu hununua akaja kugundua namba ya Kenya haimo.

Ujumbe wa WhatsApp unakwenda, lakini simu haiungi. Simu yangu ni mbovu?

Si mbovu. Nchi kadhaa za Ghuba huruhusu maandishi, picha na sauti zilizorekodiwa, lakini huzuia simu zenyewe, kwa sababu huduma ya sauti kupitia intaneti inahitaji leseni na kampuni za simu ndizo zenye leseni hiyo. Utaona inapiga, pengine hata inaita, mwenzako akipokea kunakuwa kimya au inaandika kwamba inaunganisha upya hadi inakatika.

Falme za Kiarabu ndizo zinazojulikana zaidi kwa hilo. Simu za WhatsApp zimezuiliwa, na iPhone zilizouzwa huko huja bila FaceTime, programu ya Apple ya kupigiana simu. Mamlaka yao ya mawasiliano, TDRA, ina orodha ya programu zinazoruhusiwa, na BOTIM ndiyo iliyoenea kuliko zote. Zoom na Microsoft Teams pia hutumika. Oman nayo imekuwa ikizuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, na watu wengi huko hukutana na familia zao kwenye Google Meet au Zoom. Saudia iliondoa marufuku ya jumla Septemba 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yake, ingawa si zote zilifunguka kwa pamoja. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo muulize aliyeko huko sasa, siyo aliyerudi miaka mitano iliyopita.

Programu ya BOTIM au Zoom inahitajika pande zote mbili. Iweke kwenye simu ya nyumbani kabla ya kuondoka, muijaribu. Kumwelekeza shangazi jinsi ya kupakua programu mpya kwa ujumbe wa sauti, ukiwa Sharjah, ni kazi ya siku nzima.

Njia zote zikigoma usiku huo, rekodi ujumbe wa sauti. Hauzuiliwi, unasubiri mtandao wenyewe, na mama anaweza kuusikiliza tena kesho yake.

Wenzangu wanatumia VPN. Nami nitumie?

Ujue sheria kabla ya kufuata wenzako. VPN hufunga mawasiliano yako na kuonyesha kana kwamba uko nchi nyingine, na kampuni nyingi huitumia kihalali kwa kazi zao. Lakini sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu, namba 34 ya mwaka 2021, inamwadhibu anayeficha anwani yake ya mtandao ili atende kosa au azuie lisigundulike: kifungo, faini kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000, au vyote viwili. Kwa mfanyakazi wa mkataba, hata kuhojiwa tu kunaweza kumaliza kibali chake.

Zile VPN za bure ni hatari ya peke yake. Mawasiliano yako yote hupita kwa mtu usiyemjua, zikiwemo jumbe za benki. Ushauri wangu ni mmoja: zipo njia halali, zitumie hata kama ni za usumbufu kidogo. Nyumbani nako kuna kanuni. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kufikia tarehe 30 Oktoba 2023.

Ninaishi nyumbani kwa mwajiri na waifai ni yake. Nifanyeje?

Omba mapema, na kwa uwazi: saa ngapi unaruhusiwa kupiga, na wapi. Bora ikubalike hata kabla ya kusaini mkataba. Lakini usiitegemee hiyo peke yake. Weka bando lako mwenyewe, hata dogo, kwenye laini yenye jina lako, kwa sababu nywila ya waifai hubadilishwa siku ambayo ndiyo hasa unahitaji kuzungumza na nyumbani.

Saa nazo zipangwe. Oman na Falme za Kiarabu wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja: ukimaliza kazi saa nne usiku, Dar es Salaam na Mombasa ni saa tatu. Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain saa ni moja na ya nyumbani. Mwezi wa Ramadhani kazi za ndani husogea hadi usiku wa manane, basi waambie nyumbani mapema kwamba ratiba itabadilika, wasipaniki.

## Sauti inakatakata

Tunasikiana kwa kwikwi, au mmoja anamkatiza mwenzake. Ni umbali?

Umbali ni wa kusingiziwa. Nuru katika nyaya za chini ya bahari husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni takriban kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka. Hata njia ikizunguka mara mbili ya hapo, ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Mazungumzo huanza kuwa magumu sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, kiwango ambacho shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limekiweka kuwa cha kuridhisha.

Kinachoharibu ni kipande cha mwisho: ruta iliyo nyuma ya kuta tatu za zege, au mnara mmoja unaohudumia kijiji kizima saa mbili usiku kila mtu akiwa mtandaoni. Vipande vya sauti hufika vikiwa vimepishana, vingine havifiki kabisa, ndiyo kwikwi hizo. Mwangwi, yaani kujisikia mwenyewe, kwa kawaida unatoka upande wa pili: mwenzako ameweka spika. Aweke simu sikioni au avae hedifoni za waya, mwangwi utaondoka.

Nitajuaje tatizo liko kwangu au nyumbani?

Mpigie mtu mwingine aliye nchi uliyoko. Mkisikiana vizuri, tatizo liko nyumbani. Angalia pia kioo: kikibaki kusema inapiga bila kugeuka kuwa inaita, simu ya mwenzako haijafikiwa, yaani data imezimwa, bando limeisha au mnara haupo. Hapo usipige mara ishirini. Mtumie ujumbe mfupi wa kawaida: "Washa data, nakupigia."

Kwa uzoefu wa wengi, nyumbani ndiko kwenye udhaifu mara nyingi, na dawa yake ni ndogo. Mtu asogee dirishani au atoke uani, kama mtandao wa 4G unayumbayumba aiweke simu kwenye 3G, na azime programu zinazojisasisha zenyewe. Kila kijiji kina mahali ambapo mtandao "unashika", kwenye kichuguu, chini ya mwembe fulani, karibu na ghala la chama cha msingi. Pajulikane, na simu ya wiki ipigwe mama akiwa hapo, na kiti chake.

Ghafla nchi nzima ya nyumbani mtandao umekuwa mzito. Kuna nini?

Pengine waya wa baharini umekatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na mtandao ukadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Simu za sauti huweza kupita hata hapo ukikwepa saa za jioni. Video isahau mpaka watengeneze.

## Hali zisizo za kawaida

Mtandao umezimwa nyumbani. Nitawapataje?

Kwa simu ya kawaida. Uganda ilizimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilizimwa kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Waliokuwa na WhatsApp peke yake walikaa gizani, wasijue kama mtoto amerudi salama. Ile njia ya pili iliyotajwa mwanzoni, salio la simu za kimataifa, ni kwa ajili ya siku kama hizo. Programu zinazoishia kwenye laini ya kawaida nazo hufaa, kwa sababu mtandao unaohitajika ni wako wewe tu.

Uchaguzi ukikaribia, kubalianeni: nani atapigiwa kwanza, saa ngapi, na nani atawapa wengine habari. Namba ziandikwe kwenye karatasi.

Mwajiri amechukua simu yangu, au ananizuia kupiga. Nifanye nini?

Kumtenga mfanyakazi na watu wake, na kumshikia pasipoti, ni miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa zinazotambuliwa na Shirika la Kazi Duniani. Usikubali kuambiwa kwamba "ndiyo desturi ya huku".

Maandalizi yake hufanyika kabla. Kariri namba mbili kwa kichwa, ya nyumbani na ya mtu aliye nchi hiyo hiyo. Andika kwenye kitambaa au ndani ya Kurani au Biblia yako namba ya ubalozi wenu. Tanzania na Kenya zote zina balozi Riyadh, Muscat, Abu Dhabi na Doha. Pangeni na nyumbani neno la siri, la kawaida kabisa, kama kuulizia mbuzi ambaye hayupo, litakalomaanisha "nina shida na kuna mtu anasikiliza". Mpange pia muda: zikipita siku kadhaa mlizokubaliana bila neno lolote, nyumbani waende kwa ajenti aliyekupeleka na wizara husika, wakiwa na nakala ya mkataba na pasipoti yako. Nakala hizo waachie kabla ya kuondoka.

Naweza kuita polisi au gari la wagonjwa kwa simu ya intaneti?

Usijaribu hivyo. WhatsApp na wenzake hawaungani na namba za dharura. Tumia kipiga simu cha kawaida: 999 kwa polisi na 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu, 9999 Oman.

Nimepokea simu au ujumbe kutoka namba ngeni. Nipokee?

Simu iliyolia mara moja ikakatika, kutoka nchi usiyo na mtu, usiirudie. Salio ndilo linalotafutwa. Anayekuomba tarakimu sita "zilizoingia kwako kimakosa" anaiba WhatsApp yako, hata kama ujumbe umetoka kwa dada yako, kwa sababu yake imeshaibwa. Watu wa nyumbani nao waelezwe: ukiomba pesa kwa maandishi, wakupigie wasikie sauti kabla ya kutuma.

Simu imeibiwa au imekufa. Nianzie wapi?

Kwa simu ya mtu mwingine, wajulishe nyumbani kwanza, wasije wakatapeliwa kwa jina lako. Piga kampuni ya laini ya nyumbani waifunge kwa muda. Kupata laini mpya ya nyumbani ukiwa nje ni kugumu kwa sababu ya usajili wa alama za vidole, ndiyo maana barua pepe ya kurejesha WhatsApp, na hatua zile mbili za uthibitisho, ziwe tayari tangu nyumbani.

Mkataba umeisha, narudi. Kuna la kufanya na laini ya huku?

Lipo. Ondoa namba hiyo kwenye benki, barua pepe na programu zote wiki moja kabla ya safari, wakati bado inapokea jumbe. Kama laini yako ni ya kutumia kwanza na kulipa baadaye, lipa deni lake na upewe risiti, kwa kuwa deni dogo la simu linaweza kukurudia siku ukiomba viza tena. Kisha nenda dukani uifunge kwa jina lako, usimwachie mwenzako chumbani. Akitenda kosa nayo, jina ni lako.